Kabla ya Kung'olewa Jino: Mambo ya Kutarajia katika Uchunguzi Kamili wa Kinywa na Meno
(Mazungumzo na wakazi wa Chang'ombe, Manispaa ya Temeke)



 Huenda wengi wenu mlitarajia tuzungumzie mizani za sokoni au bidhaa bandia. Leo tumechagua huduma ambayo watu huinunua mara chache, tena wakiwa katika maumivu, na kwa sababu hiyo huinunua bila kuuliza lolote. Nayo ni huduma ya meno.

Tuanze na kisa cha mama mmoja, ambaye hatutamtaja, wala hatutakitaja kituo alichokwenda. Alikesha siku tatu kwa maumivu ya gego la chini upande wa kulia. Siku ya nne alidamka, akaenda kituoni, akalionyesha jino kwa kidole, akalipa, akachomwa sindano ya ganzi, jino likatoka. Robo saa ilitosha. Ganzi ilipoisha, maumivu yalikuwa palepale. Jino lililooza lilikuwa gego la juu, upande uleule, nalo lilikuwa limetoboka ubavuni, mahali pasipoonekana bila kioo.

Mama yule hakudanganya. Meno ya juu na ya chini ya upande mmoja hupeleka habari zao kwenye ubongo kupitia matawi ya mshipa mmoja wa fahamu, na mara nyingi mwenye maumivu hushindwa kujua ni taya lipi linalouma. Hata mafua yaliyoshuka katika mianzi ya pua huweza kuyafanya magego ya juu yaume ilhali ni mazima kabisa. Kidole cha mgonjwa, basi, ni mwanzo wa kutafuta. Tatizo la siku ile ni kwamba mteja alipewa kile hasa alichokiomba. Alinunua kung'olewa, na hakuna aliyemuuzia uchunguzi.

Tunasikia watu wakilalamika: "Nimelipishwa kuangaliwa tu!" Tunaielewa kauli hiyo, maana fedha ni ngumu. Lakini uchunguzi ni huduma inayojitegemea, yenye kazi yake na muda wake, na mteja anayeilipia ana haki ya kuipata yote. Jicho la haraka la dakika mbili chini ya taa halistahili kuitwa uchunguzi kamili. Kwa mgonjwa wa mara ya kwanza, kazi hii huweza kuchukua nusu saa au zaidi.

Huanza kwa maswali, kabla hamjafungua kinywa. Mtaulizwa kuhusu shinikizo la damu, kisukari, ugonjwa wa moyo, dawa mnazotumia, na dawa zinazowadhuru. Akina mama wataulizwa kama ni wajawazito. Wapo wanaoona maswali haya ni upekuzi. Hata hivyo, mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda akificha jambo hilo, anaweza kuvuja damu kwa saa nyingi baada ya jino kutoka; na mwenye kisukari kisichodhibitiwa hupona fizi zake kwa taabu. Ikiwa hamjui majina ya dawa zenu, chukueni pakiti zake mwende nazo. Na ikiwa hakuna aliyewauliza lolote kati ya haya, jihadharini.

Kisha daktari atatazama uso na kupapasa tezi zilizo chini ya taya na shingoni. Atawaambia mfungue na kufunga kinywa huku akiligusa taya mbele ya sikio, apate kusikia kama kiungo kinatembea sawasawa. Baadaye atakagua midomo, mashavu kwa ndani, kaakaa, na ulimi, ambao atauvuta taratibu ili auone pande zote mbili na sakafu ya kinywa chini yake. Hapo ndipo anapotafuta kidonda kisichopona, doa jeupe au jekundu, au uvimbe ambao mwenyewe hana habari nao. Kidonda cha kinywani kilichopita majuma mawili bila kupona ni lazima kionwe na mtaalamu, hasa kwa mvuta sigara na mtumiaji wa ugoro. Sehemu hii haina maumivu yoyote, na ndiyo inayorukwa kwa urahisi zaidi.

Yakija meno yenyewe, mtamsikia daktari akimtajia msaidizi wake namba. Si siri ya kitabibu. Kinywa hugawanywa robo nne: moja ni juu kulia, mbili juu kushoto, tatu chini kushoto, nne chini kulia. Tarakimu ya pili huhesabu jino kuanzia katikati kwenda nyuma, moja hadi nane. Hivyo jumla ya meno ya mtu mzima mwenye magego yote ya mwisho ni 32. Katika kisa chetu, jino lililong'olewa lilikuwa 46, na lililooza lilikuwa 16. Tunawaeleza haya kwa sababu namba hizo huandikwa kwenye kadi na kwenye stakabadhi, nanyi mnaweza kuzisoma. Kabla ya sindano ya ganzi, ulizeni: "Ni jino namba gani?" Kisha likaguliwe kwenye kioo mbele yenu.

Wazazi mlio hapa, tunaomba msikilize jambo hili kwa makini. Meno ya utotoni ni 20. Mtoto akifikia umri wa miaka sita hivi, gego la kwanza la ukubwani huota nyuma ya meno hayo, na hakuna jino linalong'oka ili kulipisha. Wazazi wengi hulidhani ni la utotoni, wakaliacha lioze wakisema litaota jingine. Halioti jingine. Na kuhusu hayo yanayoitwa "meno ya plastiki", yanayodaiwa kumletea mtoto mchanga homa na kuharisha: ni vichipukizi vya meno halali ya mtoto. Anayevikwangua huacha jeraha na kuharibu meno yajayo, na mtoto mwenye homa hucheleweshwa kufika hospitali.

Fizi hupimwa kwa kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, kinachoingizwa taratibu kati ya jino na ufizi. Kina cha milimita tatu au pungufu kwa kawaida ni salama. Kuanzia nne na kuendelea, daktari ataanza kushuku kwamba ufizi umeachana na jino. Wapo wenye meno meupe yasiyo na tundu hata moja ambao watayapoteza kwa ajili ya fizi. Wengine meno yao yana madoa ya kahawia tangu utotoni, hasa waliokulia Arusha, Kilimanjaro, Manyara au Singida, ambako maji ya baadhi ya maeneo yana madini mengi ya floridi. Madoa hayo yamo ndani ya jino lenyewe. Anayewaahidi kuyaondoa kwa kuwasugua ugaga anawauzia kitu ambacho hakipo.

Picha ya eksrei huenda ikahitajika, kwa kuwa jicho halioni mzizi wala mahali meno yanapogusana. Si lazima kila mtu apigwe, na si lazima kinywa kizima. Mnayo haki ya kuuliza inatafuta nini, na kuomba nakala yake ili msilipie tena picha hiyohiyo katika kituo kingine.

Tazameni pia vifaa. Kioo na vijiti vitoke katika mfuko uliofungwa, ufunguliwe mbele yenu, na glavu ziwe mpya kwa kila mgonjwa. Kuuliza si utovu wa adabu.

Mwisho wa uchunguzi hutakiwa kuwa maelezo, na hapa ndipo tunapopata malalamiko mengi. Mnastahili kuambiwa kilichoonekana, njia zilizopo, na gharama ya kila njia kwa maandishi. Jino linalouma linaweza kuzibwa, kutibiwa mzizi, au kung'olewa. Kung'oa huwa ni nafuu kwa siku ile, na mtu anaweza kuchagua hivyo kwa sababu ya uwezo wake. Hilo ni chaguo halali, mradi awe amechagua mwenyewe. Kama mna kadi ya bima, ulizeni mapema ni huduma zipi zinazolipiwa.

Haya yote hayawahusu walio katika hatari. Mwenye uvimbe wa uso ulioandamana na homa, au anayeshindwa kumeza au kupumua vizuri, aende hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana. Kwenu nyinyi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke haiko mbali. Na aliyelemewa na maumivu anaweza kutulizwa kwanza, kisha akarudi siku nyingine kwa uchunguzi kamili.

Kuhusu anayewahudumia, ulizeni jina na cheo chake. Madaktari wa meno wamekuwa wakifundishwa Muhimbili tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, nao husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Mkiwa na lalamiko, anzeni kwa msimamizi wa kituo, kisha ofisi ya Mganga Mkuu wa Manispaa, na kwa makosa ya kitaaluma, Baraza lenyewe. Nendeni na stakabadhi, na kadi yenye namba ya jino.

Sasa tunapokea maswali. Tungependa kuanza na waliokuja na watoto, wasikawie kurudi nyumbani.