Mlango wa Mahakama U Wazi, Tuingie



Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai aliiomba Mahakama Kuu izuie ujenzi wa jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Kesi ilitupwa. Mali ya umma, ikaamuliwa, hutetewa na Mwanasheria Mkuu. Yaani Serikali iliyobariki ujenzi ndiyo ingeachiwa kuupinga!

Tuliudai mlango huo ufunguliwe. Katiba ya 2010, kifungu cha 70, humruhusu mtu yeyote kushtaki bila kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amedhurika.

Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliingia. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia sumu ya risasi, nayo mamlaka ya mazingira, NEMA, ikashindwa kuwalinda. Mwaka 2020 walipewa fidia ya shilingi bilioni 1.3, na NEMA ikabebeshwa asilimia 40, fungu kubwa kuliko yote. Rufani ikaitengua, Mahakama ya Juu ikairejesha mwaka 2024.

Lakini fidia haifufui wafu. Kinga ni bora kuliko tiba: tushtaki leseni inapotolewa, tusingoje makaburi yawe ushahidi wetu.