Kufia Gerezani kwa Mujibu wa Sheria: Majimbo ya Marekani na Kifungo cha Maisha Bila Parole

Huko Marekani kila jimbo lina bunge lake na sheria yake ya jinai, kwa hiyo adhabu ya kifo haifutwi wala hairudishwi kwa nchi nzima mara moja. Hadi sasa majimbo 23 yameshaifuta. Mengine 27 bado yanayo vitabuni, na baadhi yake, kama California tangu 2019, yamesimamisha utekelezaji kwa amri ya gavana. Wapinzani wa adhabu hiyo huzisoma takwimu hizo kama hesabu ya ushindi, na wana haki ya kufurahi. Lakini kila New Jersey (2007), New Mexico (2009), Illinois (2011) au Connecticut (2012) ilipofuta adhabu ya kifo, mahali pake palikaa kifungo cha maisha bila parole: mtu huingia gerezani na hatoki ila akiwa maiti, na hakuna bodi itakayokaa kuuliza amekuwa mtu wa namna gani. New Mexico haikuwa hata na adhabu hiyo; iliianzisha katika sheria ileile iliyofuta kifo. Hoja yangu ni kwamba mabunge haya yamebadilisha namna ya kufa gerezani, kisha yakaiondoa hukumu hiyo mahali ilipokuwa ikichunguzwa na kuiweka mahali ambapo haina wa kuichunguza.

Adhabu hii si ya kale kama wengi wanavyodhani. Zamani neno "maisha" katika hukumu nyingi za Marekani lilimaanisha miaka kadhaa, kisha mfungwa hufikiriwa. Louisiana, ambayo leo inasifika kwa ukali wake, ilikuwa na desturi ya kumwachia mfungwa wa maisha mwenye nidhamu njema baada ya miaka kumi na miezi sita, hadi desturi hiyo ilipofungwa miaka ya 1970. Mwaka 1972, katika shauri la Furman dhidi ya Georgia, Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha sheria za kifo jinsi zilivyokuwa zikitumika. Mabunge yaliingiwa na hofu kwamba wauaji wangerudi mitaani. Ndani ya miaka minne majimbo 35 yalikuwa yameandika upya sheria zao za kifo, na katika hofu hiyohiyo milango ya parole nayo ikaanza kukomewa. Baadaye wapinzani wa adhabu ya kifo wakaukumbatia mlango uliofungwa, kwa kuwa uliwapa jibu la swali gumu kuliko yote: tusipomuua, tutamfanya nini?

Jibu hilo lilifanya kazi. Texas ilipitisha kifungo cha maisha bila parole mwaka 2005. Kabla ya hapo wananchi wa juri walichagua kati ya kifo na kifungo ambacho mfungwa angeweza kuomba parole baada ya miaka 40, na waendesha mashtaka wengi hawakuitaka sheria mpya, wakijua kwamba ingewafanya wananchi hao wasite kuua. Jimbo lililotoa hukumu za kifo 48 mwaka 1999 limekuwa likitoa chini ya kumi kwa mwaka kwa takriban muongo mzima. Nchi nzima, hukumu 315 za mwaka 1996 zimeshuka chini ya 50 kila mwaka tangu 2015. Sababu ziko nyingi: mauaji yalipungua, mawakili wa utetezi waliimarika, na kesi za kifo zilizidi kuwa ghali. Hata hivyo, kuukana mchango wa sheria hizi ni kuukana ukweli.

Ila tuhesabu na upande wa pili. Mwaka 2003 wafungwa wa maisha bila parole walikuwa takriban 33,600. Sasa wamezidi 56,000. Waliohukumiwa kifo, hata walipokuwa wengi kuliko wakati wowote, mwanzoni mwa karne hii, hawakufika 4,000. Kama kifungo hiki kingekuwa badala ya kifo tu, hawa makumi ya maelfu wangetoka wapi? Wengi wao wasingehukumiwa kifo kamwe. Sheria iliyoletwa kumwokoa mmoja imewanasa kumi ambao hawakuwa hatarini. Michigan ilifuta adhabu ya kifo kwa kosa la mauaji mwaka 1846, kabla ya jimbo lingine lolote. Ni Michigan hiyohiyo iliyompa mtu asiyewahi kutiwa hatiani kifungo cha maisha bila parole kwa kukutwa na gramu 672 za kokeini, bila hakimu kuruhusiwa kupima lolote, na mwaka 1991 Mahakama ya Juu, katika shauri la Harmelin, ikakiacha kifungo hicho kisimame. Huko Pennsylvania, kwa miongo mingi sheria ililazimisha adhabu hiyohiyo kwa mtu aliyeshiriki wizi ambamo mtu aliuawa, hata kama mkono wake haukumgusa marehemu.

Shauri la Harmelin ndilo kiini cha mada hii. Tangu 1976, katika shauri la Woodson, Mahakama ya Juu imeshikilia kwamba kifo hakiwezi kuwa adhabu ya lazima: lazima wanaohukumu wamwone mshtakiwa mzima, umri wake, malezi yake, maradhi yake ya akili. Katika Harmelin mahakama ilikataa kuupeleka ulinzi huo kwa anayehukumiwa kufia gerezani. Tofauti haiishii hapo. Aliyehukumiwa kifo hupata kikao cha pekee cha kupima adhabu, katika majimbo mengi rufaa yake husikilizwa hata asipoiomba, na sheria ya shirikisho humpa wakili wa kulipiwa akiendelea kudai haki yake katika mahakama za shirikisho. Wa maisha bila parole, rufaa yake ya kwanza ikishakwisha, Katiba haimpi tena haki ya wakili. Aandike mwenyewe, kama anajua kuandika. Ndiyo maana mwaka 2012, California ilipopiga kura kuhusu pendekezo la kubadilisha hukumu zote za kifo kuwa kifungo hiki, wapo wengi miongoni mwa waliohukumiwa kifo ambao hawakulitaka. Waliona wangepokonywa mawakili. Mtu anaposita kupokea uhai anaopewa na sheria, watunga sheria wanapaswa kujiuliza wamempa nini.

Atainuka mtu aseme: aliye hai anaweza kuachiwa kosa likigunduliwa, aliyekufa hafufuliwi. Hilo ni kweli, na ndiyo sababu mimi mwenyewe ningeuunga mkono muswada wa New Jersey jinsi ulivyokuwa. Tangu 1973 watu wasiopungua 200 waliohukumiwa kifo wamethibitika kuhukumiwa kimakosa. Lakini wengi wao waliokolewa na miaka ya kazi ya mawakili na wachunguzi waliokuja kwa sababu kesi ilikuwa ya kifo. Mlango usiofungwa kwa kufuli haumsaidii mtu ikiwa hakuna anayepita njia hiyo. Wengine husema bila ahadi ya "hatoki kamwe" miswada isingepita, na wananitajia Nebraska, ambako bunge lilifuta kifo mwaka 2015, likaipindua kura ya turufu ya gavana, na mwaka uliofuata wapiga kura wakairudisha adhabu hiyo. Siasa ni ngumu, nakubali. Ila ahadi iliyotolewa ili kupata kura huwa deni, na wanaolilipa ni watu ambao hawakuwemo katika mazungumzo.

Pingamizi zito kuliko yote ni la familia za waliouawa. Kwao, kuitwa mbele ya bodi kila baada ya miaka michache ni kufukua kaburi. Sheria nzuri inaweza kuweka mapitio ya kwanza mwaka wa 20 au wa 25, ikayatenganisha yanayofuata kwa miaka ya kutosha, na kuiachia familia ichague kuhudhuria, kuandika au kutosikia kabisa. Na kupitiwa si kuachiwa. Charles Manson alihukumiwa kifo mwaka 1971. Mahakama ya Juu ya California ilipobatilisha adhabu hiyo mwaka 1972 akawa mfungwa wa maisha mwenye haki ya kuomba parole. Alinyimwa mara kumi na mbili, na mwaka 2017 akafa akiwa bado mfungwa. Jimbo halikuhitaji kufuta parole ili kumzuia.

Upande wa wanaoachiwa pia una ushahidi. Mahakama ya Juu, mwaka 2012 na 2016, ilizuia kifungo hiki kuwa cha lazima kwa waliotenda kosa wakiwa watoto, na kuwapa nafasi waliokwisha hukumiwa. Watafiti waliofuatilia 174 walioachiwa Philadelphia walikuta, kufikia 2020, wawili tu waliotiwa hatiani kwa kosa jipya. Tusikimbilie kusema kila mfungwa yuko hivyo: hawa walikuwa vijana walipokosa, na muda wa kuwafuatilia ulikuwa mfupi. Ila wote walikuwa wameandikiwa na sheria kwamba hawawezi kubadilika.

Haya yanatuhusu. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika shauri la Muruatetu, ilipofuta ulazima wa adhabu ya kifo kwa mauaji, iliona kwamba haijulikani hasa kifungo cha maisha ni nini, ikapendekeza Bunge lifafanue. Tanzania haijatekeleza adhabu ya kifo tangu 1994, lakini sheria bado inaitaka kwa kosa la kuua kwa kukusudia. Siku muswada wa kuifuta utakapoandikwa, kifungu cha kusema nini kinachukua nafasi yake kitakuwa na maneno machache kuliko vyote, na kitajadiliwa usiku, wajumbe wakiwa wamechoka. Napendekeza kianze kuandikwa sasa: mwaka wa mapitio utajwe kwa tarakimu, na wakili wa mfungwa alipwe na serikali hadi kikao hicho. Hata Michigan ilirudi nyuma mwaka 1998, bunge lake likawafungulia parole wale waliofungwa kwa sheria ya gramu 650 na zaidi za dawa za kulevya. Lilichelewa miaka 20 tangu sheria hiyo ipitishwe, na miaka hiyo ilihesabiwa kwa watu waliokuwa ndani.