Walipokosa Padre wa Kuwafundisha



Mwezi Novemba mwaka 1882 mapadre Wamisionari wa Afrika waliondoka Buganda, wakavuka ziwa na kwenda kukaa Bukumbi, karibu na Mwanza. Walikuwa wamefika Buganda mwaka 1879 tu, na waliobatizwa walikuwa wachache. Hawakurudi mpaka Julai 1885. Kwa muda wa karibu miaka mitatu hapakuwa na Misa, hapakuwa na kitubio, wala padre wa kuulizwa swali. Kwa hesabu za kibinadamu, tungetazamia wakute magofu. Kumbe walikuta wakatekumeni wengi kuliko wale waliowaacha.

Nani aliwafundisha? Yosefu Mukasa Balikuddembe aliwafundisha vijana watumishi wa ikulu. Andrea Kaggwa, kiongozi wa wapiga ngoma wa Kabaka, alifundisha nyumbani kwake. Huko Mityana Matia Mulumba na Noe Mawaggali, ambaye alikuwa mfinyanzi, waliwakusanya watu wasali pamoja. Mukasa alipouawa mwezi Novemba 1885, Karoli Lwanga alishika nafasi yake. Tena usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, alipotambua kwamba kifo ki karibu, Lwanga mwenyewe aliwabatiza wenzake waliokuwa bado wakatekumeni, na kati yao Kizito, aliyekuwa mdogo kuliko wote. Siku nane baadaye, tarehe 3 Juni, waliteketezwa kwa moto Namugongo.

Hawa hawakuwa na shahada, wala vitabu vya kutosha. Lakini kila mmoja alijifunza akijua kwamba atapaswa kumfundisha mwingine. Sala aliyoipokea jana, leo ameipeleka kwa jirani.

Sisi je? Tunampeleka mtoto kwenye mafundisho, anakariri majibu, anapata Komunyo ya kwanza, halafu Kipaimara. Picha zinapigwa, pilau linaliwa, na baada ya hapo tunamwona tena siku anapokuja kuandikisha ndoa, kama atakuja. Wazazi wengi wanamwuliza katekista swali moja tu: “Amefaulu?” Utadhani imani ni mtihani wa darasa la saba. Mtume Paulo anapomwandikia Timotheo barua ya pili, anaitaja kwanza imani ya Loisi, bibi yake, na ya Eunike, mama yake. Ndipo anapofika kwenye mikono yake yeye Mtume aliyomwekea. Mpangilio huo unatufaa tuutafakari.

Maana kijana wetu wa leo hakosi wahubiri. Katika simu yake, kwa jioni moja, anasikia watano, na mmoja wao anamwahidi gari. Anarudi nyumbani na maswali: kwa nini tunawabatiza watoto wachanga? Kwa nini tunamheshimu Bikira Maria? Akijibiwa, “Nyamaza, ndivyo tulivyokuta,” atanyamaza kweli, lakini atakwenda kuuliza kwingine.

Tarehe 10 Mei 2021 Papa Fransisko, kwa barua yake Antiquum Ministerium, aliweka rasmi huduma ya katekista katika Kanisa zima. Ni heshima kubwa, na ilistahili. Hata hivyo, katika vigango vyetu yupo katekista anayenunua mwenyewe tairi la baiskeli inayomfikisha kwa wagonjwa, na parokia hiyohiyo imenunua vipaza sauti vipya. (Tunaamini wahusika wanasikiliza asubuhi hii.) Wala kumtunza hakutupi ruhusa ya kumtwika kazi ya nyumba zetu. Yeye anakaa na mwanao saa moja au mbili kwa juma. Wewe unakula naye kila siku.

Basi, leo jioni, chakula kikiisha kuliwa, mwulizeni mtoto alisikia nini katika Injili. Kisha mwacheni naye aulize. Mkikwama kwenye swali lake, Jumamosi mfuateni katekista pamoja naye, mkaketi wote kwenye benchi moja.