Kuku Mgonjwa na Mdondo

Yafaa tukumbuke kwamba kuku aliyezubaa, mbawa zake zimeshuka na undu wake umesawijika, ahitaji kwanza kutengwa na wenziwe, awekwe mahali pakavu penye joto, kisha anyweshwe maji safi kidogo kidogo pembeni mwa mdomo, wala asimiminiwe kooni kwa pupa, kwani maji yakiingia mapafuni humuua upesi kuliko maradhi yenyewe. Uuguzi huo humfaa aliyedhoofishwa na utitiri, minyoo au njaa. Ama maradhi ya mdondo hayana tiba, na pilipili tunayoisifu mno haifui dafu mbele yake. Kinga ni tone la chanjo jichoni, lirudiwe kila miezi 3. Wachanjeni walio wazima, na mizoga izikeni, msiitupe jalalani.