KUJENGA KIFUA: MANENO KWA WANAOANZA

(Mazungumzo ya Halmashauri ya Michezo ya tawi letu, yaliyosomwa baada ya mkutano wa mwezi. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa zamu siku ile.)



Habari za mishahara mmekwisha kuzisikia kwa Bwana Katibu. Sisi tumekuja kuzungumza juu ya kifua. Msicheke. Tangu vyuma vilipowekwa nyuma ya ofisi ya tawi, vijana wengi huja jioni wakitaka jambo moja tu, nalo ni kifua kipana. Hatuwalaumu. Lakini mwezi uliopita mwenzetu mmoja alikuwa pale peke yake, amelala juu ya benchi, chuma kikamlalia kifuani akashindwa kukirudisha juu. Mlinzi wa lango alimsikia akiguna, akaja mbio akamwondolea. Mtu huyo si mgeni wala si mtoto. Ni mmoja wa halmashauri hii inayosema nanyi sasa, aliyepaswa kuwafundisha wengine. Ndiyo sababu tumeona hatuna haki ya kunyamaza.

Kwanza, tufahamu kifua ni nini. Chini ya ngozi, kila upande, mna msuli mkubwa uliotandaa kama upepeo. Umeshika mfupa wa mtulinga na mfupa wa kidari, kisha umekusanyika na kushika mfupa wa mkono karibu na bega. Kazi yake ni kuuleta mkono mbele ya mwili na kusukuma. Ndugu zetu wa ghala hutuuliza, "Sisi twabeba magunia mchana kutwa, mbona kifua hakitoki?" Jawabu ni kwamba gunia hubebwa kwa miguu, mgongo na mabega. Kifua hupata kazi yake mikono inaposukuma.

Pili, mwanzo wake. Mtu anayeanza asikimbilie chuma. Aanze na pushapu, ambayo haitaki hata senti moja. Apigaye pushapu sakafuni huinua kadiri ya thuluthi mbili ya uzito wake. Mwenye kilo 60 husukuma kama kilo 40. Huo si mzigo mdogo. Asiyeweza asione haya. Aegemee ukuta kwanza, akizoea aegemee meza nzito isiyoteleza, halafu ashuke sakafuni. Viganja viwe mbali kidogo kupita upana wa mabega. Mwili unyooke kama ubao toka kichwani hata visiginoni, kiuno kisilegee. Viwiko visitanuke kama mabawa, bali vielekee nyuma kidogo. Ashuke polepole mpaka kifua kikaribie sakafu, kisha asukume. Pushapu 10 za kweli zashinda 30 za kudanganya.

Fanyeni siku 3 kwa juma, kama Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na kila siku mizunguko 3. Baina ya mzunguko na mzunguko pumzikeni dakika 2. Katika kila mzunguko endeleeni mpaka mtu aone amebakiwa na nguvu za mara 2 tu, hapo aache. Siku mtakapofikisha 15 katika mizunguko yote 3, ongezeni ugumu: miguu iwekwe juu ya benchi, au mtu avae mkoba wenye mchanga. Kila mmoja awe na daftari, aandike alichofanya. Bila daftari mtu hujidanganya, kama vile mtu asiyetunza karatasi yake ya mshahara.

Wale wanaobeba mizigo kutwa, siku 2 zawatosha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kutia misuli nguvu angalau siku 2 kwa juma. Akina mama nao wamo katika shauri hilo. Na mtu asisukume tu bila kuvuta. Ajiningʼinize kwenye bomba na kujivuta juu, au ainame mgongo ukiwa umenyooka na kuuvuta mzigo kuelekea tumboni. Asukumaye tu kila siku mabega yake huvutwa mbele, na baadaye huanza kuuma.

Tatu, habari ya benchi. Vyuma vyetu ni bomba lenye mikebe ya saruji kila upande. Saruji ikishakauka haitoki. Chuma cha dukani kisichofungwa ncha huweza kuinamishwa upande mmoja, vile vizito vikateleza na kuanguka. Chetu hakiwezi. Kikikulalia, kimekulalia. Kwa hiyo halmashauri imekata shauri: tangu leo hakuna ruhusa mtu yeyote kulala chini ya chuma bila mwenzake kusimama upande wa kichwa, macho yake yakiwa kwenye chuma. Sheria hii ni kwa wote, na sisi wenyewe tukiwa wa kwanza. Dole gumba lizunguke bomba, lisiwe upande mmoja na vidole vingine. Uzito uwe ule unaoweza kuusukuma mara 8 hadi 12 bila kutetemeka. Msizuie pumzi, toeni pumzi mnaposukuma. Mwenye ugonjwa wa shinikizo la damu amwone daktari kabla ya kuanza.

Tena, tofautisheni maumivu. Uchovu wa msuli siku ya pili ni jambo la kawaida. Maumivu makali ndani ya bega ni onyo, acheni. Na mtu akibanwa kifua wakati wa kazi au mazoezi, maumivu yakienda mkononi au kwenye taya, asiseme ni pushapu za jana. Apelekwe hospitali upesi.

Nne, chakula na usingizi. Msuli hauongezeki wakati wa kusukuma. Huongezeka wakati wa kupumzika, ikiwa umepewa chakula cha kuujenga, yaani protini. Kwa anayefanya mazoezi, gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili zatosha. Mwenye kilo 60 ahitaji kama gramu 96 kwa siku. Tupige hesabu. Mayai 2 yana kama gramu 12. Nusu lita ya maziwa, kama 16. Vikombe 2 vya maharagwe yaliyopikwa, kama 30. Gramu 50 za omena zilizokaushwa zaleta kadiri ya 30, na ugali nao una chake. Basi hesabu imekaribia kutimia, na hatujataja nyama. Hakuna haja ya kununua makopo ya unga wa bei kubwa. Na yule anayewanongʼoneza habari za sindano na vidonge vya homoni, mkimbieni. Dawa hizo zikitumiwa hivyo hudhuru moyo na ini, na huweza kumnyima mwanamume uzazi. Ndugu wa zamu ya usiku walale kwanza, ndipo waje kwenye vyuma.

Vumilieni pia. Katika majuma ya kwanza mtaona nguvu zinazidi lakini kioo hakioneshi kitu. Msivunjike moyo. Mishipa ya fahamu ndiyo inayojifunza kwanza kuutumia msuli. Unene huonekana baada ya miezi 2 au 3. Haba na haba hujaza kibaba.

Jambo la mwisho, na kwetu sisi wa chama ndilo kubwa. Tumeona kazini nyapara akimtazama kijana mwenye kifua na kumwambia, "Wewe una nguvu, chukua mawili." Kijana hufurahi kusifiwa, akachukua. Miaka michache baadaye mgongo umekwisha, na nyapara amekwisha kupata kijana mwingine. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamkataza mwajiri kumtaka au kumruhusu mfanyakazi abebe mzigo ambao kwa uzito wake waelekea kumdhuru. Sheria haikusema "isipokuwa mwenye kifua kipana." Ukiambiwa uchukue mawili, mwite mwakilishi wa chama.

Ndugu zetu, mwili huu ndio shamba tulilo nalo. Twaulima ili utufae sisi na watoto wetu hata uzeeni. Jengeni kifua, lakini kijengeni kwa ajili yenu wenyewe. Jumatatu tutakuwa nyuma ya ofisi jioni baada ya kazi. Mwenzetu yule aliyelaliwa na chuma ndiye atakayesimama upande wa kichwa.