Kicheche na Shimo Lake Karibu na Nyumba



Mtu akaaye Nyeri, au Karatina, au Kerugoya, au Nanyuki, huenda akaamka asubuhi moja akaona shimo jipya chini ya ghala la mahindi, ama pembeni mwa banda la kuku, na udongo umetupwa nje. Kabla hajanawa uso amekwisha kuita mbwa na kushika jembe, na mtoto ametumwa dukani kununua sumu. Hotuba hii yataka kumzuia mtu huyo kwa muda wa siku tatu tu, apate kujua kwanza ni nani aliyechimba shimo hilo, na amefuata nini hapo.

Mnyama anayehusika zaidi na maneno haya ni kicheche. Ni mnyama mdogo, mwembamba, mwenye miguu mifupi. Mwili wake pasipo mkia hufika sentimeta 30 au kupita kidogo, na uzito wake ni kama kilo moja. Manyoya yake ni meusi, na mistari minne myeupe yatoka kichwani na kushuka mgongoni hata penye mkia, ambao nao ni mweupe na wenye manyoya mengi. Usoni ana mabaka matatu meupe. Wazungu humwita zorila, neno lililotoka katika Kispania lenye maana ya mbweha mdogo, ingawa mbweha si ndugu yake hata kidogo. Jamaa zake ni nyegere na fisi-maji. Huko Marekani yuko mnyama aitwaye skanki, afananaye naye sana kwa rangi na kwa harufu, hata wasafiri wengi wamedhani ni mnyama mmoja. Lakini hao ni wa ukoo mwingine kabisa, na kila mmoja alipata silaha yake kwa njia yake mwenyewe.

Silaha hiyo ndiyo imempa kicheche jina baya. Akisongwa na adui husimamisha manyoya, huinua mkia, hugeuza matako, na asipoachwa hurusha maji yenye uvundo mkali kutoka katika vifuko vilivyo chini ya mkia. Maji hayo yakiingia machoni huwasha sana. Pengine pia hujilaza chini kama aliyekufa, mpaka mbwa achoke kumnusa na kwenda zake. Yafaa kukumbuka ya kwamba kicheche hatumii silaha hii ovyo, wala hamfuati mtu. Yeye huonya kwanza, na yule asiyesikia onyo ndiye apatwaye.

Sasa, si kila shimo ni la kicheche, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Katika mashamba ya miteremko ya Mlima Kenya mchimbaji mkubwa kuliko wote ni fuko, ambaye Wakikuyu humwita huko. Lakini fuko haachi mlango wazi. Kazi yake hujulikana kwa vichuguu vya udongo laini vilivyopangana shambani, na kwa viazi vitamu vilivyoliwa kutoka chini. Watega fuko wamjua sana, nao humkamata kwa kijiti kilichopindwa na kitanzi. Shimo la panya ni jembamba, na njia yake imepigwa laini kwa kupitwa mara nyingi, na mavi yake madogo hutapakaa karibu. Nungunungu huchimba shimo ambalo mtoto aweza kuingia, na mara kwa mara huangusha mwiba wake mmoja au miwili mlangoni, ushahidi usiohitaji mjadala.

Shimo la kicheche liko kati ya hayo. Mlango wake ni mdogo, kama wa kupitisha ngumi ya mtu mzima, nao huwa wazi. Huchimba mwenyewe, maana ana kucha ndefu za mikono, lakini akipata shimo lililoachwa na mwingine, au mwanya kati ya mawe, au gogo lenye uwazi, au nafasi iliyo chini ya sakafu ya mbao, hajisumbui kuchimba. Karibu na hapo, bustanini na penye majani mafupi, huonekana vishimo vidogo vidogo alivyofukua usiku kutafuta mabuu ya mbawakawa. Maganda ya wadudu hao huonekana katika mavi yake. Na harufu nayo ipo, lakini asiingoje mtu harufu peke yake, kwa maana kicheche asiyesumbuliwa aweza kukaa chini ya ghala siku nyingi pasipo mtu kunusa kitu.

Yuko mmoja tena awapotezaye watu, naye ni nguchiro mwenye mkia mweupe. Huyu naye hutembea usiku, na mwangaza wa taa ukimpiga barabarani mtu huona mkia mweupe tu, akasema, "Kicheche!" Lakini nguchiro huyo ni mkubwa mara mbili au tatu, ana miguu mirefu myeusi, na hana mistari mgongoni.

Njia rahisi ya kujua kama shimo lina mwenyewe ni majivu. Jioni, jua likitua, nyunyiza majivu makavu mlangoni, ukubwa wa sinia, kisha uende ukalale. Asubuhi soma nyayo: kama zatoka, kama zaingia, kama zina alama ya kucha ndefu mbele ya vidole. Usiku wa pili ziba mlango kwa majani makavu, pasipo kushindilia. Majani yakisukumwa nje, mwenyeji yumo. Yakikaa vivyo hivyo kwa usiku mitatu, shimo ni tupu. Kazi hii haina gharama, na yampasa mwenye nyumba aifanye yeye mwenyewe wala asimpe mtoto, kwa sababu shimo lililo wazi laweza kuwa na nyoka. Kwa sababu iyo hiyo mtu asitie mkono ndani, hata kama ana hakika.

Ikijulikana ya kwamba ni kicheche, swali la pili ni hili: amefanya kosa gani? Chakula chake ni wadudu, mabuu, panya, nyoka wadogo, na ndege na mayai akiyapata. Kwa hiyo si uongo kusema ya kwamba aweza kula yai, au kifaranga kilicholala chini. Lakini kuku wanaochukuliwa usiku kutoka juu ya vijiti vyao kwa kawaida hawakuchukuliwa naye. Huyo ni mwizi apandaye, na katika nchi hii apandaye vizuri ni kanu, mwenye madoadoa na mkia mrefu wa pete. Kanu huiba, naye kicheche hushtakiwa, kwa kuwa shimo la kanu halionekani. Kwa upande wa pili, ni nani awahesabuye panya walioliwa chini ya ghala katika mwezi mmoja? Hakuna, maana panya aliyeliwa halali gunia.

Na hao panya ndio jibu la swali lililoulizwa mwanzo, yaani amefuata nini. Kicheche huja kwa sababu meza imeandaliwa. Zamani ghala la Wakikuyu, liitwalo ikumbi, lilijengwa likainuliwa kutoka chini, na upepo ukapita chini yake. Leo wengi huweka magunia sakafuni katika chumba kilichopakana na jiko, na punje humwagika, na panya hupata nyumba na posho pamoja. Tena nyuma ya jiko liko rundo la kuni lililokaa mwaka mzima pasipo kuguswa, na mabati mabovu, na takataka za jikoni. Mtu amfukuzaye kicheche na kuviacha vitu hivi amefungua nafasi tu kwa mpangaji mwingine, na huenda mpangaji huyo akawa nyoka.

Juu ya sumu yafaa kusema waziwazi. Yai lililotiwa dawa na kuwekwa mlangoni pa shimo halijui nani atakayelila. Mbwa wa nyumbani hulila, paka hulila, na mtoto atambaaye huliokota. Panya aliyekula sumu huenda akitapatapa, akaliwa na bundi au na kicheche, nao wakafa kwa sumu ile ile. Huko Kiawara, katika Nyeri, wako wakulima waliojitolea kuwalinda bundi wakubwa waitwao bundi wa Mackinder, na wageni wamelipa fedha ili kuwaona. Ni hasara gani basi kuwaua kwa ajili ya shimo moja? Kenya imekwisha kuona ubaya wa jambo hili kwa wanyama wakubwa. Dawa ya wadudu iitwayo Furadan ilitumiwa kuwaulia simba, hata mwaka 2009 wenye kuitengeneza wakaiondoa katika maduka ya nchi hii. Tena kuwinda kulipigwa marufuku mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 yamlinda mnyama wa mwitu hata akiwa mdogo. Mwenye taabu asiyoiweza na aende kwa maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS. Petroli na moto shimoni ni wazimu zaidi, hasa chini ya nyumba ya mbao.

Kumhamisha kicheche hakuhitaji vita. Kwanza yatazamwe kama kuna watoto. Jike huzaa mmoja, wawili au watatu, nao huzaliwa vipofu, na macho yao hayafumbuki mpaka siku zipatazo 40. Shimo likizibwa wakati huo, watoto watakufa ndani, na uvundo wa mizoga chini ya sakafu utamfundisha mwenye nyumba ya kwamba harufu ya kicheche ilikuwa jambo dogo. Vilio vyembamba vikisikika mchana, au mama akionekana akienda na kurudi mara nyingi, afadhali kungoja majuma kadhaa.

Kama hakuna watoto, ondoa kwanza kile alichofuata. Hamisha rundo la kuni, fagia punje, inua magunia juu ya mbao, funika takataka. Mnyama apendaye faragha akiona mahali pamekuwa peupe na penye miguu ya watu, mara nyingi huhama mwenyewe. Asipohama, ngoja saa mbili au tatu baada ya jua kutua, wakati ametoka kuwinda, na majivu yameonyesha nyayo zitokazo. Kisha ziba mlango kwa majani makavu. Yakiwa hayakuguswa usiku mitatu, jaza mawe na udongo, shindilia, na juu yake weka wavu wa waya. Wavu huo na uzungushwe pia penye banda la kuku, ukizikwa sentimeta 30 ardhini na ncha yake ikipindwa kuelekea nje, ili mchimbaji akichimba akutane nao. Kuku walale juu, na mlango wa banda ufungwe kabla ya giza. Hapo kanu naye atapata jibu lake.

Mbwa akirushiwa maji yale, asiingizwe nyumbani. Macho yake yaoshwe kwa maji safi mengi. Kwa uvundo wa skanki, mtaalamu mmoja wa kemia huko Marekani alitoa mwaka 1993 dawa ambayo vitu vyake hupatikana katika maduka ya dawa na ya vyakula: lita moja ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, robo kikombe cha soda ya kuokea, na kijiko kimoja au viwili vya sabuni ya maji. Huchanganywa wakati ule ule wa kutumiwa, hupakwa pasipo kugusa macho, huachwa dakika tano, kisha huoshwa. Yaliyobaki yamwagwe, maana yakifungwa katika chupa yaweza kuipasua.

Limebaki jambo zito kupita yote. Kicheche ni mnyama wa usiku na mwoga wa watu. Akionekana mchana kweupe, akiyumba, au akija mbele ya watu na mbwa pasipo hofu, asidhaniwe kuwa ni mpole. Huenda ana kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao kila mnyama anyonyeshaye aweza kuupata na kuuambukiza kwa mate. Watoto waitwe ndani, mbwa wafungwe, na habari ipelekwe kwa daktari wa mifugo. Mzoga wake usishikwe kwa mikono mitupu.

Aliyeumwa, au aliyelambwa penye kidonda, aoshe mahali hapo mara moja kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa muda wa dakika 15, saa ikitazamwa. Asitie pilipili, wala mafuta, wala dawa za majani. Kisha aende hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo kama mkwaruzo, akamalize sindano zote kwa siku alizopangiwa. Ugonjwa huu hukaa kimya kwa majuma au miezi, na dalili zake zikianza karibu hakuna aponaye. Kati ya watu wafao kwa ugonjwa huu duniani, karibu wote waliumwa na mbwa, si na wanyama wa mwitu. Na kwa sababu hiyo Kenya iliweka mwaka 2014 shabaha ya kuukomesha kwa watu ifikapo mwaka 2030, na njia yake kubwa ni chanjo ya mbwa. Mbwa achimbaye kwa hamaki penye shimo chini ya ghala ndiye wa kwanza kuumwa, naye ndiye alalaye mlangoni na kuchezewa na watoto. Apelekwe kuchanjwa kila mwaka, na cheti chake kiwekwe mahali kitakapoonekana siku daktari atakapokiuliza.