Waliokataa Kutengana

Mada iliyotolewa katika semina ya viongozi wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, Ngara, kipindi cha Kwaresima



Nimeombwa niseme juu ya shukrani. Nilipopokea barua ya Tume ya Haki na Amani niliona kwamba ni mada nyepesi. Nikadhani nitasema kwa nusu saa, kisha tukanywe chai. Lakini kila nilipokaa kuandika, neno hilo lilizidi kuwa zito. Sisi Wakatoliki tumelipa neno shukrani nafasi ya juu kabisa katika ibada yetu. Ekaristi, jina tunalolitaja kila Dominika, ni neno la asili ya Kigiriki, na maana yake ni shukrani. Tena katika adhimisho hilo hilo twaagizwa kufanya ukumbusho. Basi kwetu sisi kushukuru na kukumbuka ni tendo moja. Twaukumbuka mwili uliotolewa na damu iliyomwagika, na kwa kukumbuka huko twamshukuru Mungu kwa uhuru tuliopewa.

Uhuru gani? Mtume Paulo, katika barua yake kwa Wagalatia, anawakumbusha kwamba Kristo amewaweka huru, naye anawaonya wasikubali kurudi chini ya nira waliyotolewa. Onyo hilo liliandikwa kwa watu waliokwisha kubatizwa. Kumbe mtu aweza kubatizwa, kupata kipaimara, kufunga ndoa ya Kikristo, na bado akabeba nira shingoni. Ziko nira nyingi. Mimi leo nitasema juu ya moja tu: ile inayomfanya mtu amtazame jirani yake na kujiuliza kwanza ni wa kabila gani na ametoka upande gani wa mto.

Naomba twende pamoja ng'ambo ya Kagera, hadi mahali paitwapo Nyange, upande wa magharibi wa Rwanda.

Wengi wenu mmelisikia jina hilo kwa sababu ya aibu yake, nami sitaificha. Mwezi Aprili 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza, watu wa Nyange walifanya kile ambacho mimi na wewe tungefanya: walikimbilia kanisani. Walidhani hakuna mkono utakaoinuliwa juu yao mbele ya altare. Tarehe 16 Aprili kanisa hilo lilibomolewa kwa tingatinga, likawaangukia wote waliokuwamo. Hesabu zinazotajwa ni watu elfu moja na mia tano hadi elfu mbili. Padre aliyekuwa na dhamana ya parokia alishtakiwa baadaye katika Mahakama ya Kimataifa iliyokuwa Arusha, hapa nchini kwetu. Mwaka 2006 alihukumiwa kifungo cha miaka 15; rufani iliposikilizwa, mwaka 2008, adhabu ikawa kifungo cha maisha.

Ndugu zangu, siku zile zile Maaskofu wa Afrika walikuwa Roma. Sinodi ya Afrika ilifunguliwa tarehe 10 Aprili 1994, na humo ndimo ilimokuzwa ile picha tunayoipenda sana katika mafundisho yetu, ya Kanisa kama Familia ya Mungu. Askofu mmoja kutoka Nigeria alisema pale kwa uchungu kwamba Waafrika wengi wakibanwa, damu ya kabila huwa na nguvu kuliko maji ya ubatizo. Huko Nyange maneno hayo yalikuwa yakitimia.

Kama habari ya Nyange ingeishia hapo, nisingekuja kusema juu ya shukrani. Ningekuja kuongoza Njia ya Msalaba, tukalia, tukaenda nyumbani. Lakini miaka mitatu baadaye, mahali hapo hapo, jambo jingine lilitokea.

Palikuwa na shule ya sekondari. Jioni ya tarehe 18 Machi 1997 wanafunzi wa madarasa ya juu walikuwa wamekwisha kula, wamerudi madarasani kujisomea. Fikirini ni wanafunzi wa namna gani. Kila mmoja wao alikuwa ameuona mwaka 1994 kwa macho yake. Walikuwamo watoto wa Kitutsi waliopoteza jamaa zao, na watoto wa Kihutu ambao ndugu zao walikuwa uhamishoni. Walikuwa wakilala bweni moja, wakila sahani moja, na nina hakika kwamba haikuwa rahisi. Wenye shule za bweni mnajua: hata watoto wasio na historia yoyote hugombana kwa ajili ya ndoo ya maji.

Wanamgambo wenye silaha waliingia. Wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Wanafunzi wakakataa. Walijibu kwamba wao wote ni Wanyarwanda. Amri ikarudiwa, nao wakarudia jibu lile lile. Ndipo washambuliaji wakafyatua risasi na kurusha mabomu ya mkono humo madarasani. Wanafunzi sita waliuawa, wengi wakajeruhiwa, na baadhi yao wanabeba makovu na ulemavu hadi leo.

Hebu tukae hapa kidogo. Kwa mwanafunzi wa Kihutu, mlango wa kutokea ulikuwa wazi. Hakutakiwa kuua mtu wala kumtaja jirani yake kwa jina. Alitakiwa asogee hatua tatu tu. Angeweza kujiambia kwamba hatua tatu si dhambi, kwamba ana mama nyumbani anayemtegemea, kwamba wale wengine watakufa tu, awepo asiwepo. Hoja hizo zote ni za kweli, na mimi naogopa kusema kwamba nisingezitumia. Lakini hawakusogea. Na kwa mwanafunzi wa Kitutsi pia lilikuwapo jambo la kutoa: ilimbidi amwamini rafiki aliyekaa ubavuni pake kwamba hatasogea, baada ya mwaka 1994 kumfundisha kutomwamini mtu yeyote.

Sidai kwamba wote walikuwa Wakatoliki, wala sidai kwamba Kanisa limekwisha kuwatangaza mashahidi. Taifa lao limewahesabu miongoni mwa mashujaa wa daraja la Imena, waliokufa na waliosalia pamoja, nao hukumbukwa kila tarehe 1 Februari. Bali nasema kwamba wale vijana waliuonyesha uhuru ule ambao Paulo aliwaandikia Wagalatia. Mwenye bunduki aliweza kuchukua uhai wao, lakini hakuweza kuwalazimisha kumkana mwenzao. Mahali ambapo mchungaji alilitupa kundi, watoto wa shule walisimama pamoja.

Katika daraja hilo la Imena yumo pia mwanamke mmoja wa Kanisa, mlei kama sisi, Félicité Niyitegeka. Alikuwa Mhutu, akihudumu katika kituo cha Kanisa mjini Gisenyi, karibu kabisa na mpaka wa Kongo. Mwaka 1994 aliwaficha Watutsi, akawasaidia wengine kuvuka mpaka. Kaka yake, aliyekuwa afisa wa jeshi, alimtumia ujumbe aondoke ili ajiokoe. Alimjibu kwamba asingeweza kuwaacha wale waliokuwa chini ya ulinzi wake, na kwamba afadhali afe pamoja nao. Aliuawa pamoja nao tarehe 21 Aprili 1994. Ninapenda kumtaja mbele ya WAWATA, maana mara nyingi tukitafuta mifano ya kina mama tunarudia majina yale yale mawili au matatu.

Sasa, shukrani yetu kwa watu kama hao ni ipi? Mwinjili Luka anatusimulia habari za wakoma kumi walioponywa. Mmoja tu alirudi kushukuru, naye alikuwa Msamaria, mgeni. Na ukisoma Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, utaona Mungu anawakumbusha Waisraeli kwamba walikuwa watumwa Misri, na papo hapo anawaagiza wasipotoshe haki ya mgeni wala ya yatima. Hawaagizi kutengeneza sanamu ya ukumbusho. Anayekumbuka vizuri alikotolewa ataonekana kwa jinsi anavyomtendea mgeni.

Hapo ndipo mada hii inanigeukia mimi mwenyewe.

Sisi wa Ngara tulipewa kushuhudia mengi. Wazee mliopo hapa mnakumbuka mwisho wa Aprili 1994, watu kama robo milioni walipovuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja hivi. Mnakumbuka Benaco, ilivyogeuka kuwa mji wa hema na moshi. Watu wa parokia zetu walitoa mihogo, walitoa ndizi, walitoa nguo, ingawa misitu yetu ilikatwa na mashamba yetu yakakanyagwa. Tulikuwa wakarimu, nalo ni jambo la kumshukuru Mungu.

Lakini mwaka 2013 ulikuja. Amri ilipotolewa kwamba wahamiaji wasio na vibali waondoke, na operesheni ilipofuata katika mkoa wetu, waliondoka pia watu waliokuwa wameishi nasi miaka mingi, waliooa kwetu na kuolewa kwetu, wenye watoto waliobatizwa katika visima vya ubatizo vya makanisa yetu. Sisemi kwamba nchi haina haki ya kulinda mipaka yake, inayo. Nasema juu ya yale tuliyofanya sisi kwa sisi. Palikuwa na mzee katika jumuiya yangu, mlezi wa ng'ombe za watu, aliyesali nasi kila Jumamosi. Aliondoka na watoto wawili. Mkewe, ambaye ni mzaliwa wa hapa, akabaki na mdogo. Nilikuwa kiongozi wa jumuiya. Jumamosi iliyofuata tulisali rozari, tukatangaza michango, tukafunga kwa wimbo. Jina lake halikutajwa. Hakuna aliyetushikia bunduki, wapendwa. Tulisogea zile hatua tatu sisi wenyewe, na mimi nilikuwa wa kwanza.

Nimekwisha kuungama kosa hilo, lakini maungamo hayakumrudishia mama yule kitu chochote. Yeye bado anaishi kando ya njia iendayo kwenye zahanati, na mpaka mwaka jana mtoto wake alikuwa akiitwa "mkimbizi" na wenzake wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Walilipata wapi neno hilo? Walilipata katika mazungumzo yetu, tukiwa tunakunywa chai baada ya jumuiya.

Kanisa la Rwanda limejifunza kusema wazi. Mwezi Novemba 2016 Maaskofu wake waliomba msamaha kwa ajili ya waamini walioshiriki mauaji, na tarehe 20 Machi 2017 Baba Mtakatifu Fransisko alimwomba Mungu msamaha kwa dhambi za Kanisa na za wana wake katika nchi hiyo. Ikiwa wao waliweza kusema mbele ya ulimwengu, sisi hatushindwi kusema mbele ya jumuiya ya kaya kumi na tano.

Kwa hiyo Tume ya parokia inaleta mapendekezo machache, nami nimeombwa niyasome kabla ya majadiliano. Jioni ya tarehe 18 Machi, kila jumuiya ikutane, isimulie habari ya wanafunzi wa Nyange kwa vijana wake, na kuwaombea waliokufa pamoja na wale wanaoishi na majeraha. Vijana wenyewe waulizwe ni nani hutengwa shuleni na mtaani, na wazee wanyamaze mpaka watakapomaliza. Kisha kila kiongozi aandike majina ya familia zilizogawanyika mwaka 2013, na ya watu wa kwetu waliowahi kuficha au kulisha mgeni kwa hatari yao wenyewe, ili wote watajwe katika maombi ya waamini. Orodha zimfikie katibu wa Tume kabla ya Dominika ya Matawi. Ya jumuiya yangu ninayo hapa mfukoni, na jina la kwanza ni la yule mzee.